Sura ya Saba: Mstari wa Alasiri

Damu ile ilikuwa na tabia ya shahidi aliyehongwa. Asubuhi ilisema kweli, alasiri ikakana kila neno.

Mara mbili Binti wa maabara, wa zamu ya asubuhi, alikuwa ameipima na kukuta homa ya ini. Mara mbili, alasiri ya siku zile zile, Fundi, mpimaji wa zamu ya alasiri, aliipima mbele ya mashahidi, na damu ikatoka safi kama mwanakwaya Jumapili. Wahudumu wa hospitali walikuwa wameshaacha kusema "sampuli ile". Walisema "yule". Yule ameamkaje leo? Yule amesemaje? Na walipopita mlango wa maabara walipunguza sauti, kama watu wanaopita nje ya chumba cha mgonjwa.

Mpelelezi aliyeletwa kuihoji aliitwa Kupe. Halikuwa jina la cheti. Alibandikwa chuoni na wenzake, kwa sababu aking'ang'ania kitu hang'oki, na ukimng'oa kwa nguvu kichwa chake kinabaki ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye pengo la jino la mbele na viatu vilivyotangaza ujio wake tangu getini. Tangu apewe kesi ya benki ya damu, kila mtu hospitalini alikuwa amemtania kuhusu jina hilo, na kila mtu aliamini ni wa kwanza.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo alijifungua salama, akapoteza damu nyingi, akaongezewa mfuko mmoja. Mtoto akanenepa. Mama yake akageuka manjano, kuanzia weupe wa macho mpaka nyayo, na kabla mtoto hajajua kucheka, alizikwa. Mfuko ulikuwa na muhuri wa Fundi: SALAMA. Mchangiaji alipotafutwa alipatikana akiwa mzima kama ng'ombe, akichonga mawe ya makaburi, hajui kwamba ana chochote. Ila tyubu ndogo ya damu yake, ambayo hospitali huweka akiba kwenye friza kila mfuko unapotoka, ilisema anacho. Asubuhi.

Kwa hiyo ama Fundi hakupima akapiga muhuri, ama alipima, akaona, akapiga muhuri hivyo hivyo. Kesho yake angesomewa shtaka la kuua. Jalada lilikuwa limeshafungwa kamba. Kupe alikuwa ameomba alasiri moja tu ya mwisho.

"Plasta yako, afande?" aliuliza Fundi, akiinua tyubu.

Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imeungwa kwa plasta ile ile ya wodini. Pingu zilikuwa zimefunguliwa mkono wa kulia tu. Za kushoto zilining'inia kama saa ya tajiri.

Kupe aliinama akaangalia. Aliifunga tyubu mwenyewe na kutia sahihi, na kwa kuwa sahihi huigwa, aliuuma ukingo wa plasta. Alama za meno zilikuwepo, na katikati yake pengo.

"Yangu," alisema. "Na pengo ni langu. Fungua."

Mlango ulifunguka akaingia Daktari Mkuu, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Binti wa asubuhi alimfuata, macho yamevimba. Daktari Mkuu alizima taa kwa mazoea, bila hata kuangalia swichi, akasimama chini ya tangazo alilolitia sahihi mwenyewe: JUA NI BURE, UMEME SI BURE. IKIFIKA SAA SITA, ZIMA TAA.

Na jua lilikuwepo, la bure, tele. Liliangukia dirisha moja la chumba, likapita kwenye pazia jekundu, likamwagika mezani. Chumba kizima kilikuwa na wekundu ule unaouona ukifumba macho juani. Makoti meupe hayakuwa meupe. Nyuso zilionekana kama za watu walioketi kuuzunguka moto ambao mtu kaupiga maji na haujakubali kufa.

"Boksi lipi la vipimo?" Kupe aliuliza.

"Lile lile la asubuhi," alijibu Binti. "Nimelileta mimi, halijaguswa."

"Muda wake?"

"Haujaisha. Na lilikaa kwenye baridi."

Fundi alitoa kipimo kimoja, kibao chembamba cha plastiki chenye kidirisha cheupe, akadondosha damu iliyochujwa, akatazama saa ya ukutani. Hakuna alichofanya haraka na hakuna alichofanya polepole. Kupe aliitazama mikono ile kama mwalimu wa zamu anayetazama mifuko ya wanafunzi wakitoka jikoni. Haikuingia popote. Haikubadilisha chochote.

Wakangoja robo saa. Katika kidirisha, mstari mmoja hujitokeza daima, kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili hujitokeza ugonjwa ukiwepo tu. Mmoja, mfuko unaenda wodini. Miwili, mfuko unaenda kuchomwa, na mchangiaji anaitwa pembeni kwa heshima.

"Soma," alisema Kupe.

"Mmoja," alisema Fundi.

"Mmoja," alisema Daktari Mkuu.

Binti aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Mmoja," alinong'ona. "Lakini asubuhi ilikuwa miwili, naapa. Wa pili ni hafifu, ila upo. Na mstari hafifu ni mstari, ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

Binti alimwonyesha kwa kidevu mtu mwenye pingu. "Na yeye."

Kwenye friza kitu kiligonga, tok, kama kucha kwenye kioo. Ilikuwa barafu tu. Hata hivyo wote wanne waligeuka.

"Kiini macho," Daktari Mkuu alisema hatimaye. "Mtu huyu amekaa na tyubu miaka yote hiyo, unafikiri hajui kubadilisha moja?"

"Meno yangu hayabadilishwi, Dokta."

"Basi tuseme damu ina shetani?"

"Ndivyo wanavyosema huko nje."

"Afande, mkuu wako wa kituo amenihakikishia kwamba kesho—"

"Kesho ni kesho," alisema Kupe. "Alasiri hii bado ni yangu. Naomba niachiwe chumba na mtuhumiwa. Dakika chache nipate hewa, halafu narudi."

*

Nje, dereva wake alikuwa ameegemea gari kivulini. Kituoni walimwita Babu Breki, kwa sababu alishika breki hata akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisini. Alikuwa ameligeuza gari liipe maabara mgongo, kwa makusudi.

"Imesemaje, afande?"

"Imekana tena."

"Nilijua. Damu ya mchonga makaburi! Yule bwana anaongea na wafu kutwa nzima, wewe unataka damu yake ifuate ratiba?" Akatema upande wa pili, kwa adabu. "Mimi siingii humo. Nilishachungulia mara moja ikatosha."

"Lini?"

"Mke wangu alipoanguka kwenye ngazi. Aliongezewa ya kaka yake, papo kwa papo, tunaona kwa macho. Na unajua shemeji yangu alivyo: mvivu hata kivuli chake humsubiri. Basi, damu hiyo! Siku hizi mama watoto analala kama paka, chakula hataki, ukimwambia inuka anakwambia amechoka. Uvivu wa ukoo mzima umemwingilia kwenye mshipa. Nitamshtaki shemeji."

Alicheka mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa tayari. Kupe alishaona benchi la karibu na geti.

Palikuwa na mama mmoja pale, mtoto mgongoni. Alikuja kila siku tangu kesi ianze. Hakulia, hakupiga kelele, hakuomba kuonana na mkubwa. Aliketi tu, akimtikisa mjukuu, akiangalia mlango wa hospitali kama mtu aliyekuja kumpokea msafiri. Walinzi walikuwa wamechoka kumkwepa. Mmoja alikiri kwamba huwa anapita dirishani badala ya kupita mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeuma leo, Kupe?"

"Bado. Mama, kesho Fundi atasomewa shtaka. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza."

Mama Mwalimu, ndivyo kila mtu alivyomwita, alimrekebisha mtoto mgongoni. "Atafungwa?"

"Huenda. Kwa muda mrefu."

"Kufungwa kwake hakutamnyonyesha huyu." Alisema bila ukali, kama anayesoma bei. "Mimi nina swali moja, na kila nikiuliza wananipa pole. Sitaki pole, ninazo za kutosha kugawa. Nataka kujua, ule mstari aliuona, au hakuuona? Kama aliuona akanyamaza, nitajua ni mtu wa kumchukia, nitamchukia vizuri, nitalala. Kama hakuuona..." Alitafuta neno, hakulipata. "Usiku anakuja, afande. Mwanangu. Anasimama mlangoni na madaftari ya watoto kwapani. Haniulizi kingine. Ananiuliza hilo."

Kupe alikuwa na mazoea ya kuandika swali kuu la kesi kiganjani. Jalada hupotea, alikuwa akisema, lakini mkono unakwenda nao nyumbani. Alichomoa kalamu yake, akaandika, haikuandika. Akaitikisa. Ilikuwa imekufa.

"Chukua hii." Mama Mwalimu alichomoa kalamu kwenye pindo la nguo. Ilikuwa nyekundu, kifuniko kimetafunwa. "Ilikuwa mfukoni mwake siku alipoletwa. Alikuwa akisahihishia watoto. Hata uchungu umeshamshika, anasahihisha."

Kupe aliipokea kwa mikono miwili. Akaandika kiganjani, kwa herufi kubwa: ALIUONA?

"Nitakurudishia, mama."

"Irudishe na jibu."

*

Chumbani Fundi alikuwa amekaa alipoachwa, chini ya ulinzi wa saa ya ukutani. Wekundu ulikuwa umezidi, jua likiwa limeshuka na kulenga dirisha moja kwa moja. Kupe alivuta kiti.

"Siku ile ulipima saa ngapi?"

"Alasiri. Zamu yangu ni ya alasiri, mwaka mzima."

"Na wewe ndiye uliyepima. Si msaidizi."

"Sina msaidizi."

"Ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa makini."

"Umelewa?"

"Afande."

"Nauliza tu, nimeandikiwa niulize. Ulikuwa na haraka? Wodi walikuwa wanapiga simu?"

"Walikuwa wanapiga. Nikawaambia kipimo hakisikii simu. Nilisubiri muda ukatimia, nikasoma, nikaona mmoja. Ningeona hata kivuli cha wa pili ningeutupa ule mfuko. Mimi kivuli natupa. Muulize Binti, nimewahi kutupa mfuko mpaka wakanifokea."

"Umewahi kutupa lini mara ya mwisho?"

Fundi alitazama juu, akihesabu kitu. "Zamani kidogo," alisema, na sauti yake ilikuwa na mshangao. "Kabla... zamani kidogo. Wa kukolea natupa hata sasa. Ile hafifu sijaiona muda. Nikafikiri watu wamepata chanjo."

Kupe aliandika hilo kichwani, pembezoni. Akainuka, akaizunguka meza, akafika dirishani, akashika pindo la pazia.

"Tafadhali," alisema Fundi. "Liache."

Lilikuwa ombi lenye haraka kuliko yote aliyoyasema tangu akamatwe. Na Kupe, akiambiwa acha, alikuwa na ugonjwa wake. Aliinua pindo kidogo akachungulia. Hapakuwa na kilichofichwa. Palikuwa na uwanja mdogo wa saruji, ndoo, na ng'ambo yake mlango mpana wa rangi ya kijivu usio na kitasa upande wa nje. Mochwari.

"Hukupenda kuutazama?"

"Nani anapenda?"

Alilishusha. Wekundu ukarudi. Sasa akataka kumuuliza lile swali la benchi, kwa maneno yale yale ya mama, asiongeze wala kupunguza. Akafungua kiganja kulisoma.

Kiganja kilikuwa kitupu.

Alikigeuza. Akakileta karibu. Mistari aliyozaliwa nayo ilikuwepo, lile kovu la kisu cha shule lilikuwepo. Neno halikuwepo. Jasho, alijiambia, ingawa kiganja kilikuwa kikavu. Nywele za shingo zilimsimama, na hazikumuuliza ruhusa.

"Afande!" Babu Breki aliita kutoka korido, mbali na mlango kadiri heshima ilivyoruhusu. "Kituo wanauliza kama wakutumie karani!"

Kupe alitoka. Korido ilikuwa na madirisha marefu na mwanga mweupe wa kila siku. Aliinua mkono kumwashiria dereva asubiri, na kutoka kiganjani mwake neno likamtazama, jekundu, limenyooka, lina alama yake ya kuuliza: ALIUONA?

Alisimama. Akarudi ndani hatua moja. Neno likazama kwenye ngozi kama jiwe kwenye maji. Akatoka. Likaibuka. Akaingia. Likazama.

"Afande," alisema Babu Breki, sasa kwa sauti ndogo, "umeingiwa na nini? Nikaite mtu wa dini?"

"Niitie Daktari Mkuu," alisema Kupe. "Na Binti. Mzee, kimbia. Leo tu, sahau breki."

*

Walipokuja, Kupe alikuwa ameketi pembeni ya Fundi kama mwenzake wa dawati.

"Huo mliousoma mwanzo msiuguse," alisema Fundi kabla hajaulizwa. Kupe alikuwa amemweleza maneno machache, na uso wake ulikuwa umekauka. "Umepita muda wake. Kipimo kilichokaa sana huleta mistari ya uongo, na mimi sitaki kuokolewa na uongo. Kama ni kusoma, tusome kipya."

"Umesikia, Dokta," alisema Kupe. "Kipya."

Plasta, pengo, tone, saa. Wakangoja tena robo saa. Nje mtu aliburuta kitanda cha magurudumu kwenye saruji. Gurudumu moja lililia, likanyamaza mbele ya mlango wa kijivu.

"Someni."

"Mmoja," walisema, wote kwa pamoja, kama darasa.

"Dokta, wewe huniamini mimi, na huyu humwamini kabisa. Basi fanya wewe. Vuta pazia."

Daktari Mkuu alilivuta kwa nguvu, kwa namna ya mtu anayetaka upuuzi uishe. Jua jeupe likaingia chumbani bila kubisha hodi. Makoti yakawa meupe. Glavu zikawa na rangi yake. Na ndani ya kidirisha, kando ya mstari wa kwanza, palikuwa na wa pili: wa rangi ya waridi iliyopauka, mwembamba, kama alama ya kope kwenye shavu la mtu aliyelala.

Binti aliziba mdomo.

"Sasa lifunge," alisema Kupe.

Akalifunga. Wa pili ukaondoka. Akalifungua. Ukarudi, pale pale. Alilifunga na kulifungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara kitu kile kidogo cha waridi kilitoka na kuingia, kwa utii, kama mtu anayeitika orodha ya majina.

"Mistari yenyewe ni myekundu," alisema Kupe. "Ukiitazama kwenye mwanga mwekundu, karatasi nyeupe nayo inakuwa nyekundu. Mstari wa kukolea bado utauona, ni mweusi mweusi kidogo. Hafifu unazama. Mimi nimezamiwa na neno zima kiganjani. Asubuhi jua liko nyuma ya jengo, Binti anawasha taa, anaona miwili. Alasiri jua linakuja dirishani, taa inazimwa kwa amri, mwanga wote unapita kwenye kitambaa hiki. Yule hakubadilisha ushahidi hata siku moja. Sisi ndio tuliokuwa tunamhoji gizani."

"Amri yangu haikusema muweke pazia jekundu," alisema Daktari Mkuu.

"Haikusema. Ilisema tu jua ni bure." Kupe alilibandua tangazo ukutani, taratibu, lisichanike, akalikunja. "Nitalihitaji hili kwenye jalada, Dokta. Na wewe utahitajika karibu nalo."

Kisha akamgeukia Fundi na ufunguo. Pingu ya kushoto ilifunguka kwa sauti ndogo mno kwa kitu kizito vile.

"Hukudanganya," alimwambia. "Nenda nyumbani. Utaitwa."

Fundi hakuinuka. Alikuwa ametazama nje ya dirisha, uwanja wa saruji, ndoo, mlango wa kijivu. Ilionekana hakuwa ameutazama siku nyingi.

"Mke wangu alitolewa pale," alisema. "Walikosea wakamtoa mchana, mimi nikiwa kazini, nikiwa hapa hapa mezani. Tangu siku hiyo, kila nikiinua macho kutoka kwenye kipimo, wanamtoa tena. Nikaona hapana, mikono itatetemeka, nitaua mtu. Nikaleta pazia la sebuleni. Alilishona yeye." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. "Nililitundika ili nione vizuri."



*

Mama Mwalimu aliviona viatu vya Kupe kabla ya kumwona Kupe. Hakusimama.

"Hakuuona," alisema Kupe. "Ulikuwepo, mama, na aliutafuta. Hakuuona."

Mama aliipokea kalamu, akakitazama kifuniko kilichotafunwa, akairudisha kwenye pindo. Mtoto mgongoni aliamka akaanza kupiga chafya.

"Basi nimebaki bila mtu wa kumchukia," alisema. "Ngoja nimwambie mwanangu. Sijui atasemaje." Akainuka kwenye benchi, kwa mara ya kwanza akiwa na pa kwenda, akaondoka bila kuaga. Mlinzi mmoja alivua kofia.

Kupe alikwenda kwenye gari. Injini ilikuwa imezimwa, funguo zipo, mlango wa dereva wazi. Babu Breki hakuwepo.

Alimkuta alikoapa hataingia. Alikuwa amesimama katikati ya maabara, kofia mkononi, na uso ambao haukuwa na mzaha hata wa akiba. Fundi alikuwa bado yupo. Alikuwa amevaa glavu mpya. Friza lilikuwa wazi na moshi wa baridi ulitambaa sakafuni, na juu ya meza tyubu zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zote za alasiri, tangu siku ya pazia. Binti alikuwa akizisoma lebo kwa sauti ndogo. Pazia lenyewe lilikuwa sakafuni, limekunjwa vizuri, kama nguo ya mtu anayetarajiwa kurudi.

"Mwanangu," Babu Breki alikuwa akisema, "mimi si msomi. Tarehe sijaikariri. Nakumbuka kwamba shemeji alitoa damu tumeshakula cha mchana, na nilipochungulia hapa mlangoni kuuliza kama tayari, wewe ulikuwa mwekundu mzima. Nikamwambia mke wangu, nimemwona mpimaji, anafanana na mtu aliye ndani ya taa. Tukacheka."

Fundi hakuuliza tena. Alipitisha kidole juu ya tyubu, akachukua moja, akamwonyesha jina. Babu Breki alitikisa kichwa kukubali.

"Macho yake vipi?" Fundi aliuliza. "Mke wako. Weupe wa macho."

"Analala muda wote," alisema mzee. "Sijayaangalia."

Tone likadondoka kwenye kidirisha. Fundi alitazama saa, akavuta kiti kwa ajili ya mzee, na yeye mwenyewe akabaki amesimama, uso umeelekea dirishani, mlango wa kijivu mbele yake, asiukwepe. Mstari wa kwanza ulijitokeza mapema, wenye afya, usio na habari yoyote. Kupe alikaa upande wa pili wa meza. Hakuwa na swali jipya la kuandika, na neno kiganjani mwake, kwenye mwanga mweupe, lilikuwa bado linasomeka.

Wakangoja.